Uzi: Tyuna za kubana kwenye udi, mandolini na fidla, nyinyi mnaziamini mpaka wapi?

Udi_wa_Malindi

Assalaam alaykum wapenzi wa vyombo. Nnataka tuzungumze hizi tyuna, vile vipimo vidogo vya sauti ya nyuzi vya kubana kichwani mwa chombo, zile zenye kiskrini cha rangi, maana yamenikuta juzi hotelini na mpaka leo yananiuma roho.

Mie napiga udi miaka kumi na kitu, nimefunzwa kwa sikio, maalim wangu alikuwa anagonga uzi mmoja kwenye udi wake na mie nautafuta kwenye wangu mpaka ukae, akiridhika anaenda uzi wa pili. Mwaka jana nikanunua tyuna ya kubana kwa ajili ya hizi kazi za hoteli za shamba, wenyewe mnajua kulivyo, upepo wa bahari, jenereta nyuma ya jiko, sahani zinagongana, wageni wanazungumza, hapo uinamishe sikio juu ya udi usikie uzi mnene unasemaje, huwezi. Hii tyuna ukishaibana haisikilizi kelele za hewani inasikiliza mtikisiko wa mbao, ndani mna kipande cha piezo kikitikiswa kinatoa umeme kidogo sana na mashine inahesabu mitikisiko mingapi kwa sekunde. Kwa hilo nnaisifu wallahi, jenereta ingurume inavyotaka yenyewe inaona uzi wangu tu.

Sasa juzi kundi moja limenialika, mpiga udi wao kasafiri. Nimechelewa daladala, nimefika wenzangu wameshatyuni wamekaa, nikajificha upande wa veranda nikabana tyuna, C F A D G C zote taa ya kijani, mshale katikati, nikaingia nimejiamini kabisa. Tukaanza na bashraf, ile ya kufungulia ya vyombo vitupu. Toka nota ya mwanzo nnahisi kitu kinakwaruza. Nikasema hizi fidla leo zimepanda. Nyimbo ya pili vilevile, ya tatu mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani, ananitazama kwa jicho la upande.

Mapumziko mpiga akodiani, mtu mzima, akaniita pembeni wala hakunigombeza, akanibonyezea A akaishikilia. Tyuna yangu ina sehemu ya maiki pia, nikaifungua, mshale ukaenda kulia. Nikawa naongeza ile namba ya A, yaani mitikisiko yake kwa sekunde, kutoka 440, 441, 442, 443, mpaka 444 ndo mshale ukasimama katikati. Yaani kundi zima liko 444 kwa sababu akodiani yao iko 444, na mie peke yangu na taa zangu za kijani niko 440. Ni kama senti 16, na senti 100 ndo nusu sauti, kwa hiyo si kidogo, kwenye nota ndefu ya fidla inasikika mpaka kwa mpishi.

Ninachouliza: wenzangu mnaitumiaje? Nani anaibana kwenye udi, kwenye fidla, kwenye mandolini, nani kaiacha?

GitaaPaje

Kaka pole ila mie naona hapo mbovu ni akodiani si tyuna. 440 ndo dunia nzima. Wapeleke kwa fundi wao. Mie gitaa langu nabana, nyuzi sita dakika moja, kazi inaanza.

Fidla_Kikwajuni

GitaaPaje sikubaliani na wewe hata kidogo na nitakwambia kwa nini, maana mie nimekaa ubavuni mwa akodiani miaka mingi.

Akodiani si mbovu. Ziko nyingi za zamani zilitengenezwa 442 na kupanda toka kiwandani kwao, hilo ndo umbile lake. Ndani mna vilimi vya chuma, akodiani kubwa ya vitufe 120 vya besi ina vilimi mamia, na kila kilimi kinatyuniwa kwa kukwanguliwa kwa mkono, ncha ukitaka sauti ipande, shina ukitaka ishuke. Nani hapa Unguja ataifanya kazi hiyo wiki moja kabla ya Idi? Udi unazungusha ufunguo umemaliza. Kwa hiyo siku zote asiyeweza kuhama anafuatwa na anayeweza kuhama. Kinanda cha umeme kikiwepo nacho angalau kina kitufe cha kuhamisha, akodiani hana.

Kitu chengine, ukitaka kuipima akodiani kwa tyuna mwambie mpigaji afungue rejista, vile vitufe vya kuchagua vilimi, achague ya kilimi kimoja. Zile rejista tamu zinazotetemeka ni vilimi viwili vimetofautishwa makusudi, kimoja kiko juu kidogo, hivyo mshale unacheza huku na huku na utaandika namba ya uongo. Na asivute kwa nguvu, avute kawaida kama anavyopiga.

Kwenye fidla mie nabana kwenye shavu la kile kisanduku cha funguo, upande wa ndani, skrini inanitazama. Msibane kwenye ufunguo wenyewe, ukizungusha inazunguka nayo na mara nyengine inadondoka. Na naitumia kwa uzi mmoja tu, A. D na G na E nachukua kwa sikio, nakokota upinde kwenye nyuzi mbili pamoja mpaka ule mtetemeko ufe kabisa. Sababu ipo. Ule mwendo wa kutoka uzi mmoja mpaka wa jirani yake unaitwa tano. Tano safi ya sikio ni senti 702, tano ya tyuna ni 700. Senti mbili utasema si kitu, lakini ukitoka A ukaenda D ukaenda G umeshakusanya nne, na G ya fidla yako kwa tyuna itakuwa juu kuliko G inayotaka kulala vizuri na D yake. Mtu anayekokota nyuzi mbili pamoja anaisikia.

Mandolini ina nyuzi zilezile za fidla, G D A E, ila ina freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, hivyo mwenye mandolini atyuni zote kwa mashine, freti zenyewe zimekatwa kwa hesabu ileile ya mashine.

Nyuzi8_Wete

Shkamooni wakubwa. Mie niko Pemba, nimejifunza mandolini kwa kaka yangu na sasa najiendeleza mwenyewe, kwenye mtaa wetu wa Wete sijamuona mwengine anayepiga.

Nimefurahi kuona uzi huu maana nimechoka. Nabana tyuna, nyuzi zote nane kijani, napiga nyuzi wazi safi kabisa. Nikishuka kwenye freti ya saba nane huko chini nota zinalia kama si za chombo kimoja. Nimebadilisha betri, nimebadilisha nyuzi, nimeazima tyuna ya mtu mwengine, vilevile. Kaka anasema tyuna za bei rahisi ni waongo. Ni kweli? Maana nshaanza kufikiri sikio langu ndo halina kitu.

Pia nyuzi mbilimbili zinanipa tabu, nikipiga zote mbili mshale unahangaika.

Fundi_Mwembetanga

Marahaba mwanangu. Sikio lako zima kabisa, sikio bovu lisingesikia hilo tatizo. Na tyuna yako nayo haina kosa. Nakuandikia kirefu, soma taratibu ukiwa na mandolini mapajani.

Mandolini nyingi zile briji, kile kibao kinachonyanyua nyuzi juu ya tumbo la chombo, hakijagundishwa. Kimekaa pale kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Ulipobadilisha nyuzi, kama ulizilegeza zote kwa pamoja, briji imehama. Hata kabla yake pengine ilishahama, chombo kikisafiri kwenye boti kimelazwa chini ya mizigo inatosha. Briji ikihama kidogo tu, nyuzi wazi utazityuni vizuri kabisa kwa sababu ufunguo unafidia, lakini freti hazifidiwi, zimepigwa msumari zilipo. Uzi ukiwa mfupi kuliko unavyotakiwa kila freti inapanda, na unavyozidi kuelekea kwenye briji inazidi.

Hapa ndo tyuna ya kubana inafanya kazi yake nzuri kuliko zote, na watu wengi hawaijui. Bana tyuna kichwani. Chukua uzi wa E, weka kidole juu ya chuma cha freti ya 12 bila kukandamiza, kigonge, utoe ile sauti nyembamba ya kengele, angalia mshale. Halafu uzi huohuo ukandamize freti ya 12 kama unapiga nyimbo, kwa nguvu zako za kawaida usiuminye, angalia tena. Zote mbili zinatakiwa ziwe E na mshale mahali pamoja. Kama ya kukandamiza iko juu, uzi ni mfupi, sogeza briji kuelekea mkiani. Kama iko chini, isogeze kuelekea shingoni. Unasogeza kidogo sana, unene wa ukucha, unatyuni upya, unapima upya. Kisha fanya hivyohivyo kwa uzi wa G. Usishangae briji ikimalizia imekaa mshazari, upande wa G mara nyingi unakuwa nyuma kidogo, ndo sawa. Ukimaliza piga mistari miwili ya penseli pembeni mwa miguu yake, siku nyengine ikihama unajua nyumbani kwake ni wapi.

Usilegeze nyuzi zote. Legeza kidogo tu kila jozi mpaka briji iteleze kwa dole gumba, na uiangalie isilale kichwa mbele. Na kuanzia leo ukibadilisha nyuzi badilisha mmojammoja.

Kuhusu nyuzi mbilimbili: usimuulize tyuna maswali mawili kwa wakati mmoja. Zuia uzi wa pili kwa ncha ya kidole, gonga mmoja, ukae kijani. Kisha wa pili, sikiliza zote pamoja bila kutazama skrini. Tyuna itakwambia zote ziko A lakini sikio litakwambia bado zinapepesuka. Malizia kwa sikio mpaka zigeuke uzi mmoja.

Halafu jamani tyuna ikishafanya kazi ivueni. Vyombo vinakuja kwangu vina alama mbili za mpira kichwani kama vidole, hasa vile vya vanishi ya selulosi, mpira ukikaa juu yake kwa joto letu hili unaila rangi na haitoki kwa kufuta. Betri pia, ile ya sarafu CR2032, msiiache ndani ya tyuna mnayoiweka miezi, hewa ya bahari inaotesha kutu ya kijani kwenye vile vyuma na mtasema tyuna imekufa.

GitaaPaje

Fundi hiyo ya freti ya 12 nimejaribu sasa hivi kwenye gitaa, uzi wangu wa G uko juu. Miaka miwili nalaumu nyuzi.

Fundi_Mwembetanga

Gitaa la briji ya kugundisha hulisogezi mwenyewe. Lilete.

Nawa_na_Huseini

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma yote. Mie ni mtu wa kanuni, na sitaki mdhani nimekuja kuipiga vita mashine, ninayo, mwanangu aliniletea kutoka Maskati, ina waya mwembamba wenye kibanio kidogo mwisho wake, maana kanuni haina kichwa cha kubana kama udi. Nabana kwenye ukingo wa mbao karibu na safu ya funguo. Kanuni yangu ina nyuzi 78, tatutatu kwa sauti moja, hivyo ni sauti 26, na mtu akinambia nizitie zote kwa sikio ukumbini watu wameshaanza kuingia nitamwambia aje anishikie ufunguo. Mashine inanipunguzia kazi. Hilo nnalikubali kwa moyo mweupe.

Lakini tazameni. Kanuni briji yake imekaa juu ya ngozi. Ngozi inajua hali ya hewa kuliko redio. Masika, toka Machi mpaka Mei, ngozi inavuta maji inalegea, briji inashuka, chombo chote kinashuka. Nyumbani mlango umefungwa niko sawa, nikitoka nje Forodhani usiku umande umeanza, nimeshapotea. Kwa hiyo mie naianza kazi nusu saa kabla, nakitoa chombo kwenye mfuko kikae pale pale kitakapopigiwa, kizoee, ndo nakigusa. Anayetyuni chumbani kwenye kiyoyozi halafu akatoka nje na taa ya kijani, ile taa ilikuwa ya chumbani.

Sasa neno langu kubwa. Udi_wa_Malindi umetaja C F A D G C. Maalim wako hakukufundisha majina hayo. Alikwambia ile A ni Ushairani, D ni Duka, G ni Nawa, C ya juu ni Kirdani. Siyataji kwa kujionesha. Nayataja kwa sababu baina ya Duka na Jaharka, yaani F, iko Sika, na Sika haimo ndani ya mashine. Bana tyuna, piga makamu ya Rasti, yaani ule mpangilio wa nota, ukifika Sika tazama skrini. Mshale unaruka, mara unasema E na umelala kushoto mwisho, mara unasema E flati na umelala kulia mwisho, taa nyekundu. Kijana asiyefunzwa anaona nyekundu anasogeza kidole mpaka ije kijani. Hapo ameshaiua Rasti. Amepiga nyimbo nyengine.

Na si kusema basi tuweke nusu kwa nusu, senti 50, tumalize. Sika ya Rasti iko juu kidogo, Sika ya makamu ya Bayati iko chini kidogo, na hiyo kidogo ni kiasi gani anajua aliyekaa mbele ya maalim. Kanuni yangu ina vile vibati vya shaba vya kupandisha na kushusha robo, na hata hivyo vibati vimepangwa na fundi kwa kituo kimoja, mara nyengine nakandamiza uzi kwa dole gumba kuifuata sauti ya mwimbaji.

Hii 440 nayo mnaitaja kama imeshuka kutoka mbinguni. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Kikao cha London kilichopendekeza 440 kimekaa mwaka 1939. Ikhwani Safaa wameanza 1905, na kabla yao tunasimuliwa Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Wote hao walikaa sawa wao kwa wao. Walimtafuta mmoja wao, wakachukua sauti yake, wakajipanga. Ulichokifanya wewe pale mapumzikoni na yule bwana wa akodiani ndo kilekile, ila ulikifanya baada ya nyimbo ya tatu badala ya kabla ya ya kwanza.

Udi_wa_Malindi

Shkamoo maalim. Nimesoma mara mbili, na lile la mwisho limeniingia. Nilikuwa najiona nimekosewa na mashine kumbe sikwenda kusalimia chombo kinachoongoza. Nimekaa verandani peke yangu natazama taa.

Nisaidieni wapiga udi wengine kwa hili la chini, nami nitoe ninavyofanya. Udi kichwa chake kimekunjwa kwenda nyuma, kwa hiyo tyuna ukiibana kawaida skrini inatazama sakafuni. Mie nabana kwenye ubavu wa kisanduku cha funguo, karibu na shingo, naigeuza shingo yake. Uzi mnene wa C ndo msumbufu, naupiga C tyuna inaandika G. Mwanzo nilidhani imeharibika. Nimekuja kugundua uzi mnene ukiugonga kwa nguvu karibu na briji ile sauti ya tatu iliyomo ndani yake, ambayo ni G, inatikisa kichwa kuliko C yenyewe. Nikiupiga kwa nyama ya dole gumba katikati ya uzi, taratibu, inaandika C. Au nagusa nusu ya uzi natoa kengele, C ya juu yake, mashine inaiona haraka.

Pia nasubiri. Uzi ukigongwa tu unaanza juu kwa sababu umevutwa, kisha unashuka unatulia. Wale wanaofukuzana na mshale wa mwanzo wanabaki chini.

Na funguo za mbao, unazungusha huku unasukuma ndani, na unaufikia uzi kutoka chini kwenda juu. Ukipita usirudi kidogo ukaacha hapo, shuka chini kabisa upande tena, usipofanya hivyo nyimbo ya pili umeshateleza.

Fidla_Kikwajuni

Sawa kabisa. Na funguo zikiteleza paka chaki kidogo, zikikwama masika sabuni kavu kidogo, msizipake mafuta hata siku moja.

Maalim Nawa, hilo la Sika nimelishuhudia. Wapo vijana tunaopiga nao, mikono mizuri, wana hamu, lakini wameanza na programu za simu toka siku ya kwanza. Ukimwambia shusha Sika anakuuliza senti ngapi. Siwalaumu, hawakupata mtu wa kukaa naye. Mie ninavyofanya nao mazoezini tunatyuni nyuzi wazi kwa tyuna, halafu nazikusanya tyuna zote naziweka ndani ya mfuko wa fidla yangu, nafunga zipu. Tunaimba Rasti kwa mdomo kwanza, bila chombo, kisha ndo tunagusa nyuzi. Wiki ya kwanza walinuna. Sasa wanazileta wenyewe.

GitaaPaje

Maalim shkamoo. Narudi kwenye nilichosema juu, nilisema haraka. Gitaa langu lina freti, Sika sina toka kuzaliwa kwake, kwa hiyo sikuwahi hata kujua kinachokosekana. Ila suali langu la kweli: nikialikwa kupiga na kundi la taarab lenye gitaa, nikifika nyimbo ya Bayati nifanyeje? Ninyamaze kwenye nota ile?

Nawa_na_Huseini

Marahaba. Ndio, uiruke. Piga Duka na Jaharka na Nawa, Sika muachie mwimbaji na fidla na udi. Wapiga gitaa wazuri wa taarab ninaowajua ndivyo wanavyofanya, na besi hivyohivyo. Wala hakuna atakayeona pengo, watasikia nafasi.

Binti_wa_Chake

Naingilia kidogo tu, mie si mpigaji ila mume wangu anapiga gambusi harusini. Tyuna gani mnanunua? Dukani naziona za bei tofauti sana, nyengine zina jina Snark, nyengine Korg, nyengine hazina jina.

Fundi_Mwembetanga

Shoga yetu, mwambie aangalie vitu hivi kabla ya jina. Iwe kromatiki, yaani inasoma nota zote, si ile ya gitaa peke yake inayotafuta nyuzi sita tu, gambusi itaikataa. Iwe na uwezo wa kuhamisha A, nyingi zinatoka 430 mpaka 450. Iwe na maiki pamoja na piezo, ili aweze kupima akodiani kama alivyofanya Udi_wa_Malindi. Na ile shingo inayogeuka aishike dukani aigeuze mara tano sita, ikilegea pale pale aiache. Kibanio kiwe laini, kichwa cha gambusi chembamba. Basi.

Na kila akiiwasha atazame ile namba kwanza. Vitufe viko pembeni, mfukoni vinabonyezwa vyenyewe, mtu anatyuni 437 hajui.

Nyuzi8_Wete

Nimerudi. Fundi Mungu akubariki. Nimekaa jana baada ya laasiri mpaka magharibi na penseli na tyuna. E ya freti ya 12 ilikuwa imepanda mpaka mshale ulikuwa umelala upande wa kulia kabisa. Nimesogeza briji kuelekea mkiani kidogokidogo kama ulivyosema, mara nne, tano, kila mara natyuni upya. Mwisho zote mbili zikasimama mahali pamoja, ya kengele na ya kukandamiza. G nayo nikairekebisha, kweli imekaa mshazari. Nikapiga nyimbo aliyonifundisha kaka, nikashuka mpaka chini kwenye freti ya saba, ya nane, ya kumi, zote zinaongea lugha moja. Mama alikuwa uani anakuna nazi akaacha kukuna akasema leo umebadilisha chombo?

Kaka nimemuonesha, amenyamaza, kisha akachukua penseli akaenda kwenye ya kwake.

Maalim Nawa nami nina suali. Mandolini ina freti kama gitaa. Sika niiruke pia?

Nawa_na_Huseini

Mwanangu mandolini nyuzi zake ni mbilimbili na fupi na zimekazwa sana, kuuvuta uzi kwa kidole ufike Sika utaumia bure na hautakaa. Iruke. Ila jifunze kuiimba. Ukiwa unapiga Duka kwa mkono, Sika iwe mdomoni, ndo utajua lini wenzako wameifikia. Ukija Unguja Idi hii nitafute kupitia hapa, nitakaa nawe alasiri moja na kanuni, uje na mandolini yako na hiyo tyuna pia uje nayo.

Udi_wa_Malindi

Nimepigiwa simu na lile kundi, mpiga udi wao hajarudi bado, wamenitaka tena Alkhamisi. Nnatoka saa nane mchana ili niwahi. Yule mzee wa akodiani nimeshamwambia aniwekee A yake kabla hajanywa chai.